Mkaguzi wa gari akiuza hati, afungiwe milango yote

Jambo yenu batata, bamama, na bandugu wote wa Lubumbashi: komini za Kenya, Katuba, Ruashi, mpaka Likasi kule. Niko hapa Leeds. Leo tuongee juu ya watu wenye ruhusa ya kusema gari hii ni nzima, shofa huyu anajua kazi.

Hapa Uingereza gari ndogo ikifika miaka 3, inaanza kukaguliwa kila mwaka. Kontroli hiyo wanaiita MOT, ipo tangu 1960. Serikali inaidhinisha magaraji ya watu binafsi yafanye kazi, na wakala wake, DVSA, anayafuatilia. Nimesimama garajini nikaangalia. Fundi anapandisha magurudumu ya mbele juu ya rola za chuma, rola zinayazungusha, anakanyaga breki, na mashine inaonyesha nguvu ya kila upande. Kushoto kukishika na kulia kukateleza, inaonekana papo hapo. Halafu anaingia chini na taa, anatikisa viungo vya usukani, anatafuta kutu.

Lakini penye ruhusa hapakosi wa kuiuza. Kuna wanaotoa hati ya MOT na gari haijakanyaga garajini kabisa. Mwenyewe ameiacha nyumbani. Zamani mkaguzi akikamatwa na kufungiwa kazi ya kukagua miaka 2 au 5, alikuwa anaweza kushika kazi nyingine ndani ya mfumo uleule, hata umeneja. Yaani mwizi ananyang'anywa ufunguo, anapewa ofisi! Januari 2025 kanuni zikabadilika: ukifungiwa hivyo, huna nafasi yoyote kwenye MOT mpaka adhabu iishe. Mimi hiyo naiunga mkono moja kwa moja.

Kwa malori makubwa wanafanya tofauti, na hii ndiyo naitamani kwetu. Mwenye yadi binafsi anatoa jengo na mashine, mkaguzi wa serikali anakuja pale kupima. Yadi ni yako, uamuzi si wako. Na mtihani wa permi, leseni ya kuendesha, kwa gari ndogo unafanywa na mtahini wa serikali. Kampuni ya mabasi au malori inaweza kuwa na mtahini wake, ila lazima afundishwe na DVSA, na anapima wafanyakazi wa kampuni ile tu.

Sasa bandugu, mnajua kwa nini nasema na moyo unaniuma. Februari 2019, kwetu Kongo, barabara ya Kolwezi, lori la asidi liligongana na magari yenye abiria, watu karibu 20 wakafa, wengine wakaungua na asidi. Malori ya namna ile bado yanapita mbele ya watoto wetu usiku na mchana, kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mpaka Kolwezi. Na sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978! Tunagombana na polisi wa roulage, wale wa barabarani, kuhusu karatasi za gari, lakini ni nani anauliza aliyeisaini karatasi ile ni nani, amefundishwa wapi, na akidanganya anafanywa nini? Jina lake liandikwe wazi, shofa na abiria walisome.

Video inayokuja nitakuwa na ndugu yetu mmoja wa Likasi, anakagua magari hapa. Mashofa wa taxi-bus na wa malori, andikeni maswali chini: breki, matairi, usukani, chochote. Nitamuuliza moja moja, kwa Kiswahili chetu.