Mteja Huondoka Kabla ya Kufunga Akaunti

Mabibi na mabwana, mameneja wa matawi, hamjambo. Mmeniita tuzungumze kuhusu wateja wanaohama benki, nami naona tuanze na namna tunavyowahesabu.

Ripoti huorodhesha akaunti zilizofungwa. Lakini hapa Kenya ni wangapi huja tawini na barua ya kufunga akaunti? Wachache mno. Mteja wetu huiacha akaunti ilale. Mshahara unaingia asubuhi, na kabla ya adhuhuri umeshatumwa M-Pesa au benki nyingine. Kadi bado anayo, jina lake limo vitabuni, nasi tunamwita mwaminifu. Kinachomshikilia ni mkopo tu: mwajiri ametia sahihi kwamba mshahara upitie kwetu hadi deni liishe. Ikitokea benki ya pili ikalinunua deni hilo, hatumwoni tena.

Tukiulizana sababu, wengi hutaja riba. Riba ina uzito wake, sikatai. Ila kumbukeni miaka ya 1990. Benki kubwa za kigeni zilifunga matawi mashambani na kudai kima cha chini cha salio ambacho mkulima wa chai au mwalimu wa msingi hakukimudu. Hakuna aliyewafukuza kwa maneno, lakini walielewa kwamba hawatakiwi. Wakati huo Equity, iliyoanzishwa 1984 kama shirika la mikopo ya nyumba, ilikuwa mahututi; mwaka 1993, ambao ndio James Mwangi, aliyekuja kuiongoza, alijiunga nayo, Benki Kuu iliiona haiwezi kulipa madeni yake. Ikanusurika kwa kuwapokea haohao waliokataliwa na vijisenti vyao. Iliacha kuwatoza ada ya kila mwezi, ikawafuata vijijini kwa magari, na mwisho wa 2004 ikawa benki kamili ya biashara. Watu hawa walifuata mahali walipopokewa kama watu, na mimi naamini hata leo sababu hiyo inazishinda nyingine zote.

Ipo pia hofu. Agosti 2015 ilianguka Dubai Bank, Oktoba ikafuata Imperial, na Aprili 2016 Chase ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoshindwa. Bima ya amana, yaani fidia ya juu anayopata mwenye akaunti benki ikianguka, ilikuwa shilingi 100,000 tu. Ilipandishwa hadi 500,000 mwaka 2020. Mwenye duka aliyeweka humo pesa za kulipa wafanyakazi angefanya nini? Waliokuwa na amana katika benki nyingine ndogo, hata zile zisizo na kasoro, walizihamishia benki kubwa. Benki hizo ziliadhibiwa kwa makosa ya wenzao, na jambo hilo linaniuma mpaka sasa.

Uingereza, tangu Septemba 2013, kuna utaratibu wa kumhamisha mteja kwa siku 7 za kazi, pamoja na malipo yake yote ya kila mwezi. Benki ya huko haiwezi kutegemea usumbufu wa kuhama umzuie mteja. Sisi bado tunautegemea.

Kwa hiyo nawaomba, mkirudi matawini, mtafute orodha ya wale ambao mshahara wao haulali kwetu hata usiku mmoja. Wapigieni simu wenyewe, msimwachie karani. Msiwauzie kitu. Waulizeni pesa zao huenda wapi, na huko wanapata nini.