Uzi wa Tanpura na Utando wa Buibui

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa kualikwa hapa Dodoma kuzungumzia jambo ambalo watunzi chipukizi huniuliza mara kwa mara: inawezekanaje okestra ya Kizungu, raga, yaani mitindo ya tuni ya Kihindi, na sauti za kompyuta zikae katika kazi moja bila kila moja kuwa mgeni wa mwenzake?

Kwamba jambo hili limejaribiwa, hilo halina ubishi. Mwaka 1971 Ravi Shankar alirekodi konsato ya sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, akiwa na London Symphony Orchestra. Mwaka 1982 Charanjit Singh, mpigaji wa muziki wa filamu, alizipiga raga kumi kwa sintesaiza juu ya mdundo wa disko. Na mwaka 2002 marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu, alitoa albamu na Michael Brook wa Kanada. Pwani nako taarab ilikwisha kuizoea tabla, ngoma ya Kihindi, zamani. Lakini kukutanisha ala si kazi kubwa. Kazi imo ndani ya sauti yenyewe.

Nimekuja na ilimba hii, ala ya Wagogo yenye ndimi za chuma. Nikiuchapa ulimi mmoja wa chuma kwa kidole gumba, mnasikia kuwa sauti haitoki peke yake, bali inafuatana na mvumo. Ala haijachakaa. Fundi ametoboa tundu makusudi, akalifunika kwa utando wa buibui ili utetemeke. Sasa fikirini tanpura, ala ya nyuzi inayoshika sauti ya msingi nyuma ya mwimbaji wa Kihindi: juu ya daraja lake, chini ya kila waya, hupitishwa uzi mwembamba wa pamba, ukasogezwa kidogo kidogo mpaka waya uanze kuvuma. Mgogo na Mhindi hawakushauriana, ila masikio yao yalitaka kitu kimoja, ambacho mpiga fidla wa okestra hufundishwa kukiondoa.

Mvumo huo unazitoa nje sauti ndogo zilizomo ndani ya sauti moja. Waya hutetemeka mzima, na papo hapo hutetemeka kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, hadi sehemu ya saba na zaidi. Sauti ya sehemu hiyo ya saba, ambayo nitaiita sauti ya saba na ambayo uimbaji wa Kigogo unaikaribia sana, haimo katika piano. Kibonye cha jirani kiko juu yake kwa takriban theluthi ya nusu-toni, yaani ya hatua kati ya kibonye kimoja na kinachokifuata. Wahindi waliuonja ugomvi huo wa sauti na vibonye: kuanzia 1940, kwa miaka kama 30, redio ya taifa lao ilipiga marufuku harmoniamu, kinanda kidogo cha upepo, na moja ya lawama ilikuwa kwamba vibonye vyake haviwezi kuteleza kati ya sauti na sauti.

Kompyuta haina kizuizi hicho, maana programu hupangwa kwa kimo chochote cha sauti. Ndiyo maana hunisikitisha kuona vijana wakiigeuza kuwa ngoma ya bei nafuu. Zoezi ninalowapa ni dogo: rekodi sauti moja ya ilimba, irefushe kwa kompyuta iwe ya dakika nzima, kisha mpe mpiga fidla aisikilize na kuitafuta sauti ya saba kwa sikio, bila karatasi ya noti. Atakapoipata, mtamwona akikirudisha kidole nyuma kwenye waya, kama nusu sentimita hivi.