Zambarau kwenye kikombe: kahawa ya Tanzania na ladha zake

AIKA: Karibuni tena. Leo mezani kuna vikombe vitatu, vyote vya Tanzania, na mwenzangu sijamwambia kipi kimetoka wapi. Mujuni, anza na hicho cha kushoto. Vuta kwa nguvu, kelele zinaruhusiwa.

MUJUNI: (anavuta kwa kijiko) Ee! Hii ina uchachu. Si wa ndimu… ngoja kidogo. Zambarau. Ile iliyoiva mpaka inakuachia ulimi mweusi.

AIKA: Hiyo ni ya Kilema, kwetu Uchagani. Na umenifurahisha kusema zambarau. Ukimuuliza Mtanzania kahawa ina ladha gani, atakujibu “chungu”, basi. Ya kijiweni yenyewe tunaiita kahawa chungu. Na maneno tunayo: ukwaju, ubuyu, zambarau, ukakasi. Tunayatumia kwa kila kitu isipokuwa kahawa.

MUJUNI: Sasa huo uchachu unatoka wapi, dada? Maana wengi wakiuonja wanadhani imeharibika.

AIKA: Kwanza ni baridi. Kihamba cha babu, yaani shamba letu la nyumbani, kiko juu mlimani, usiku huko unajifunika mablanketi mawili. Tunda haliivi haraka, linakaa mtini miezi, na mbegu inazidi kukaza. Pili ni maji. Tunda likichumwa jekundu linamenywa jioni ileile, mbegu zinalala kwenye ndoo mpaka ule ute uachie, ndipo zinaoshwa. Bibi hakuwa na saa wala kipimo. Anatumbukiza mkono, anachota kiganja kimoja, anasugua. Zikikwaruzana kama kokoto, zinaoshwa. Zikiteleza, anafunika ndoo anarudi kulala. Ukizisahau siku nzima, uchachu mzuri unageuka siki, na hapo hakuna mkaangaji wa kukuokoa.

MUJUNI: Kwetu Kagera kahawa ni aina nyingine, robusta, nayo hatuimenyi. Inaanikwa na ganda lake mpaka inakauka.

AIKA: Ndiyo hiyo, kikombe cha pili.

MUJUNI: (anavuta) Nyumbani kabisa! Nzito, karanga za kukaanga, na kama mkate ulioungua ukingoni. Uchachu hakuna. Na hapa niseme jambo linaloniuma. Robusta inaitwa kahawa ya daraja la chini, eti kali tu. Ni kali kweli, kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, aina ya kwenu Kilema. Lakini Wahaya walikuwa wanaitafuna kabla hajafika mmisionari yeyote. Inachumwa ingali mbichi, inachemshwa na majani ya kunukia, inakaushwa. Mgeni akiingia, hata chakula hakijaiva, anawekewa hiyo. Babu yangu alikuwa anatia mbili mdomoni, anatafuna polepole, na mpaka atafune hamjaanza mazungumzo. Unaanza na uchungu, kisha mdomo mzima unanukia majani. Hicho ni kitu cha heshima. Kikiitwa cha daraja la chini, mimi sikubali.

AIKA: Na usikubali. Sisi ndio tuliletewa. Mbegu zilitoka kisiwa cha Réunion, mapadre wa Roho Mtakatifu wakazipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19.

MUJUNI: Na jina mkalichukua lote.

AIKA: Unasemea Japani. Kule “Kilimanjaro” ni arabika ya Tanzania, hata iwe imetoka mbali na mlima, Mbozi au Mbinga kule Ruvuma.

MUJUNI: Isipokuwa ya Bukoba, kwetu Kagera! Kanuni yao imeitaja kwa jina kwamba haimo.

AIKA: Ni kweli. Na mchanganyiko ukiwa na asilimia 30 ya hiyo kahawa, unaruhusiwa kubeba jina la mlima. Mimi ni mtoto wa mlimani, na halinifurahishi hata kidogo. Kuna mkulima aliyehangaika na matunda yake kule Ruvuma, halafu mnywaji anaambiwa anakunywa Kilimanjaro. Onja cha tatu.

MUJUNI: (anavuta mara mbili) Hii ni laini. Uchachu upo, ila umetulia… chungwa. Na inamalizia na asali. Si kama ile ya kwanza hata kidogo.

AIKA: Mbinga.

MUJUNI: Aisee. Sasa mbona kijiweni sijawahi kupata hii chungwa?

AIKA: Moto. Punje ikishakaangwa mpaka iwe nyeusi na kutoa mafuta, ya Kilema na ya Mbinga zinafanana. Kahawa ya kijiweni naipenda, na kashata yangu pembeni, lakini hapo unakunywa ukaangaji, shamba hulisikii. Ukikaanga nyumbani, sikiliza. Punje zitaanza kupasuka kama bisi. Mlio huo ukipungua, epua, ipepete ipoe upesi.

MUJUNI: Hata robusta ya kwetu?

AIKA: Nimekuja na nusu kilo ya Kagera, haijakaangwa. Jiko lina moto. Njoo na kipaza sauti.

(Kikaango kinawekwa jikoni. Punje zinamwagwa.)

MUJUNI: Koroga, dada, usiache zitulie… Shh. Umesikia? Hiyo ya kwanza.