Kufunga na kujaribu darubini mpya kwenye gobore

Ndugu mtazamaji, leo tunafunga darubini mpya juu ya gobore la kisasa, kaliba ya .50 (yaani tundu la mtutu lenye upana wa nusu inchi), lile ambalo fataki yake, kidude kinachowasha baruti, hukaa nyuma ya mtutu. Tutalijaribu mpaka risasi itue pale jicho linapolenga. Shika jambo moja tangu mwanzo: gobore hupakiwa kwa mkono, mlio mmoja baada ya mwingine, na upakiaji ukibadilika risasi nayo inabadilika. Darubini nyingi nzima hulaumiwa kwa makosa ya baruti, ya masizi au ya skrubu iliyolegea. Kwa hiyo tutaijaribu darubini peke yake kwanza, kabla ya kuunguza hata chembe ya baruti.

Hakikisha gobore ni tupu. Toa fataki, fungua kizibo cha nyuma ya mtutu, chungulia. Ukiona mwanga upande wa pili, liko tupu. Rudisha kizibo, ingiza mdeki (ufito wa kushindilia) mpaka ugote, kisha uuchore alama usawa wa mdomo wa mtutu. Hiyo ndiyo alama ya mtutu mtupu.

Sasa kufunga. Futa mafuta kwenye matundu ya skrubu na chini ya kikalio (kipande cha chuma juu ya gobore kinachobeba pete za darubini) kwa spiriti, kwa sababu skrubu iliyokazwa juu ya mafuta hulegea mapema. Tia tone dogo la gundi ya skrubu kwenye skrubu za kikalio tu. Za pete ziache kavu. Tumia bisibisi yenye kipimo cha mkazo na ufuate karatasi ya mtengenezaji. Kama huna karatasi hiyo, niutoni-mita 2 hivi zinatosha kwenye kikalio, na 1.7 kwenye pete. Ukizidisha kwenye pete unaliminya bomba la darubini, na nyuzi za msalaba ndani zinaanza kukwama.

Laza darubini kwenye pete bila kukaza. Weka ukuzaji wa juu kabisa, fumba macho, egemeza shavu kwenye kitako kama kawaida yako, kisha fumbua. Unatakiwa kuona duara kamili lisilo na kivuli cheusi pembeni. Ukikiona kivuli, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka kiishe, halafu isogeze mbele kidogo tena huku picha ikibaki kamili. Pima: kati ya jicho na lenzi ya nyuma kuwe na sentimita 9 hadi 10. Baruti ya greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha baruti na risasi) inasukuma bega kwa nguvu, na ya greni 150 zaidi ya hapo. Darubini iliyo karibu mno inachana nyusi. Kama gobore lako lina nyundo ya nje, jaribu kuivuta kwa kidole gumba. Kidole kikigusa darubini, funga kiongezeo cha pembeni kwenye nyundo, kwani nyundo inayoteleza kidoleni ni hatari kubwa.

Kuhusu wima wa msalaba, tundika timazi mita 25 mbele, lisimamishe gobore sawa kwa pimamaji, kisha zungusha darubini mpaka uzi wa wima ulale juu ya kamba ya timazi. Kaza pete kwa mshazari, robo mzunguko kwa kila skrubu, nafasi ya kulia na ya kushoto zikibaki sawa. Mwisho, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Skrubu ikijongea, mstari utakatika na utauona kwa macho.

Sasa jaribio ambalo wengi huliruka. Toa tena kizibo cha nyuma, libane gobore kwenye jiliwa yenye vitambaa au kwenye mifuko ya mchanga, na uchungulie ndani ya mtutu mpaka shabaha ya mita 25 iwe katikati ya tundu. Bila kulitikisa gobore, zungusha virekebishi (vifundo vya darubini vya kusogeza msalaba) mpaka msalaba ukae juu ya shabaha ileile. Umeokoa risasi kadhaa.

Halafu simamisha rula ndefu mita 50 mbele. Darubini nyingi za aina hii husogea robo dakika ya pembe kwa kliki (hatua moja ya kirekebishi), yaani milimita 7 hivi kwa mita 100, na nusu yake kwa mita 50. Hesabu kliki 40 juu: msalaba usogee takriban sentimita 14.5 kwenye rula. Rudisha 40: urudi palepale ulipoanza. Fanya hivyo pia kulia na kushoto. Usiporudi, au ukikaa kimya kisha ukaruka ghafla, hapo darubini yenyewe ndiyo mbovu, na umeijua bila moshi wala kelele.

Tunakwenda uwanjani. Vaa miwani na vizibo vya masikio. Tumia baruti nyeusi au mbadala wake uliotajwa na mtengenezaji wa gobore lako. Baruti isiyo na moshi, ile ya bunduki za kawaida, inapasua mtutu ambao haukutengenezwa kwa ajili yake, na mtutu ukipasuka uko karibu na uso wako. Pima baruti kwa ujazo, kwenye kipimo chake. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa, maana cheche iliyobaki mtutuni italipua chupa nzima mkononi.

Anza kwa kufyatua fataki mbili bila baruti, mdomo wa mtutu ukielekea shabaha, ili kukausha mafuta. Kisha pakia: greni 100 za baruti, halafu risasi ya greni 250 ndani ya kikombe chake cha plastiki. Shindilia kwa mkono ulionyooka na kwa nguvu ileile kila mara, bila kugongagonga. Risasi ikikaa juu ya baruti, chora alama ya pili kwenye mdeki. Kuanzia hapo, alama hiyo isipofika mdomoni pa mtutu, usifyatue: pengo kati ya risasi na baruti linaweza kuvimbisha mtutu. Toa mdeki, lenga shabaha, ndipo uweke fataki. Fataki huwa ya mwisho daima.

Gobore likikataa kulia, liache limeelekea shabaha kwa dakika mbili kamili kabla ya kugusa chochote. Baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa.

Piga kwanza mita 25 na usogeze msalaba mpaka risasi itue kwenye alama. Hamia mita 100 na upige tatu tatu. Pima kutoka katikati ya kundi la matundu, wala usifuate tundu moja. Kundi likiwa sentimita 7 chini na 3.5 kulia, unahitaji kliki 10 juu na 5 kushoto.

Kati ya mlio na mlio, safisha: kitambaa kimoja chenye unyevu kidogo, pande zote mbili, kisha viwili vikavu. Ukipuuza, masizi magumu hujenga pete pale risasi inapokaa. Mdeki utakwama kidogo kabla ya alama yako, nawe utadhani risasi imefika. Acha mtutu upoe pia, kwani joto linalainisha kikombe cha plastiki na kundi linatawanyika. Usipoweza kuushika kwa starehe, subiri.

Matundu yakijipanga wima, tazama kipimo cha baruti na nguvu ya kushindilia. Yakihama polepole upande mmoja, tazama ile mistari ya rangi ya kucha. La kwanza likijitenga na mengine mawili yakikaa pamoja, mtutu ulikuwa bado na mafuta. Ni baada ya haya yote tu ndipo unapofunga darubini nyingine unayoiamini na kulinganisha.

Kama darubini yako ina alama za umbali chini ya msalaba, zilipangwa kwa risasi na mwendo fulani, na kwa kawaida hufanya kazi kwenye ukuzaji wa juu tu. Zijaribu kwa baruti yako kwenye mita 150 na 200, uandike risasi inatua wapi.

Ukimaliza, osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo, vifuniko vya lenzi vikiwa vimefungwa. Pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo chini ya bomba la darubini, juu ya fataki, ambako moshi huacha chumvi inayokula chuma. Darubini usiifungue.