Siku Chanel alipowapandisha waogeleaji jukwaani

Haya wapendwa wangu, karibuni tena. Leo niko mashariki mwa London, nje ya ghala la makumbusho ya V&A. Ndiyo, ghala lenyewe, mahali wanapotunza vitu. Walilifungua kwa watu wote mwaka 2025, na kuingia ni bure kabisa. Nimerekodi kidogo humo ndani, nawawekea hapo.

Kilichonileta ni pazia. Mnaliona? Zaidi ya mita 10 kwenda juu, zaidi ya mita 10 kwenda pembeni. Wanawake wawili wenye miili yao wanakimbia ufukweni, nywele zinapepea, matiti nje. Mama, kama unatazama, hiyo ni sanaa, usinipigie simu. Mchoro wa asili ni wa Picasso, wa mwaka 1922, na ni mdogo tu. Aliyeukuza mpaka ukawa pazia la jukwaa ni mchoraji mwingine, Alexander Schervashidze, na alimaliza kazi yote chini ya saa 24. Picasso alipoliona akafurahi mpaka akaweka saini yake kwenye pazia hilo lililochorwa na mwenzake.

Pazia hili lilifunguliwa Paris mwezi wa sita mwaka 1924 kwa onyesho la baleti lililoitwa Le Train Bleu. Jina hilo lilikuwa la treni ya matajiri, iliyowapeleka kusini mwa Ufaransa kuota jua. Humo kwenye baleti treni yenyewe haionekani hata kidogo. Kuna waogeleaji, kuna mcheza tenisi, kuna bwana wa gofu aliyevaa kama mwana wa mfalme wa Uingereza wa wakati ule. Kampuni ni Ballets Russes, ya Mrusi Sergei Diaghilev. Na nguo zote alizibuni Coco Chanel.

Mnajua mimi ni fundi. Ugali wangu hapa mjini unatoka kwenye kufupisha suruali za watu. Kwa hiyo nikiona nguo naitazama kwa jicho la mwenye sindano, na hapa Chanel alifanya jambo la ajabu. Nguo ya baleti kwa kawaida inatengenezwa kwa ajili ya baleti. Yeye akachukua nguo za kuogelea za sufu iliyofumwa, aina ile ile wateja wake waliyokuwa wakienda nayo baharini, akawavalisha wacheza dansi. Walio jukwaani na waliokaa vitini wakawa wanavaa duka moja! Kama ni tangazo la biashara, mimi sijaona zuri kuliko hilo.

Ila sasa, mcheza dansi hakai kwenye kiti cha ufukweni. Anarushwa, anadakwa. Ile sufu ililegea mwilini, na mwanamume anayemdaka mwenzake anahitaji kushika kiuno, asishike kitambaa kinachohama. Mchezaji mkuu wa kike, Lydia Sokolova, alivalishwa pia hereni kubwa za duara zinazoigiza lulu, nzito, zikamziba masikio mpaka akawa anapata taabu kuusikia muziki. Hebu fikiria, unacheza dansi na husikii ngoma! Lakini hizo hereni na kile kikofia chake cha kubana kichwa, wanawake wa mjini walivipenda.

Mimi msimamo wangu ni huu, na wapenzi wa mitindo mtanisamehe: nguo ya baleti ni kifaa cha kazi. Mitindo ikiikopa, sawa. Ikiiamuru, anayeumia ni yule aliye ndani ya nguo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1832, Paris hiyo hiyo, Marie Taglioni anacheza La Sylphide akiwa na sketi nyeupe nyepesi ya kufika kati ya goti na kifundo cha mguu, kama kengele. Ile ndiyo picha iliyobaki vichwani mwa watu mpaka leo wakisikia neno baleti. Kabla yake wacheza dansi walivaa kama watu wa ikulu, mpaka fremu za kutanua sketi nyongani. Sasa ikaja melimeli na vitambaa vingine vya wavu mwepesi, tabaka juu ya tabaka, na mwanga ukipita humo unaona mtu anaelea.

Shida ni kwamba mwanga wenyewe ulikuwa moto. Taa za gesi.

Taglioni alikuwa na mwanafunzi aliyempenda sana, Emma Livry. Mwaka 1860 akamtungia baleti ya kipepeo, na humo kipepeo anafuata mwenge mabawa yakaungua. Siku zile serikali ilishaagiza nguo za jukwaani zichovywe dawa ya kuzuia moto. Livry akakataa, akaandika kabisa kwamba hatazivaa. Dawa ile ilikifanya kitambaa kikakamae na kififie weupe. Tarehe 15 Novemba 1862, kwenye mazoezi, sketi yake ikashika moto wa taa. Aliugua majeraha miezi minane, akafariki akiwa na miaka 20. Mabaki ya nguo ile yametunzwa hadi leo kwenye makumbusho ya Opera ya Paris. Na msidhani ni jukwaani tu: miaka hiyo hiyo sketi pana za fremu ziliunguza wanawake majumbani mwao, mbele ya mahali pa kuotea moto.

Léon Bakst, mbunifu wa nguo wa kampuni ile ile ya Diaghilev, na suruali zake za bwagabwaga za mwaka 1910 nawaachia msome wenyewe. "Mashariki" yake ile ilikuwa ya kubuni, watu wa Pwani mkiitazama mtacheka.

Nataka kusema juu ya viatu. Zile flati mnazochambua sokoni Karume, za kichwa cha duara na kifundo kidogo cha utepe mbele? Marekani wakati wa vita, mwaka 1943, viatu vya ngozi viligawiwa kwa mgao, lakini viatu vya baleti havikuwemo kwenye mgao ule. Mbunifu Claire McCardell akawaendea Capezio, watengenezaji wa viatu vya dansi, wakaweka soli ngumu, wanawake wakatoka navyo barabarani. Miaka ya 1950 Brigitte Bardot akatengenezewa vyake na Repetto kule Paris, na toka hapo havijaondoka.

Na rangi. Viatu vya baleti ni vya pinki kwa sababu vilikusudiwa kufanana na mguu wa Mzungu, ili mguu uonekane mrefu bila kukatika. Sasa wewe mweusi ukivaa pinki, mstari unakatika kifundoni. Dance Theatre of Harlem, kampuni ya Arthur Mitchell, toka mwaka 1974 ikawavalisha wachezaji wake taiti na viatu vya rangi ya ngozi zao. Lakini madukani, kwa miaka mingi? Hamna. Mtu ananunua kiatu kipya, anachukua sponji na fandesheni ya uso wake, anapaka kiatu. Na viatu vile vinaisha haraka, mwingine kwa onyesho moja tu, halafu unaanza upya. Hapa London, kampuni ya Freed ilianza kuuza vya kahawia mwaka 2018, walivyovitengeneza pamoja na kundi la Ballet Black. 2018, jamani. Tulishakuwa na simu za kufunguka kwa uso.

Mafundi wenzangu, mwanamke mmoja anaitwa Karinska, aliyewashonea New York City Ballet, alikuwa akikata vipande vya kifua cha gauni kwa mshazari ili kitambaa kivutike mchezaji akipumua. Hicho ndicho nitawaonyesha video ijayo, mezani kwangu, na mkasi mkononi. Tafuteni pamba isiyovutika, mita moja na nusu inatosha, na chaki.