Usiuache Uzi Siku ya Tatu

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, asanteni kwa pilau na kwa nafasi hii. Nilikuwa nimekaa kule nyuma nawatazama mkimaliza kula. Kila meza ilikuwa na kikopo cha vijiti, na vikopo karibu vyote sasa ni vitupu. Basi asije mtu akaniambia kwamba sisi hatuna desturi ya kusafisha katikati ya meno. Tunayo, tena tunaifanya mbele za watu, kiganja kimefunika mdomo. Ila tunachotoa ni nyama. Kijiti kinakwenda pale panapokera: nyuzi za embe, ganda la hindi, kipande cha mshikaki. Kikitoka, unapumua, unatupa kijiti.

Kinachokula ufizi hakikeri. Ni utando laini wa bakteria, unajijenga upya kila siku kwenye ubavu wa jino, pale linapoegemeana na jirani yake. Gego lina pande tano; mswaki unafika tatu, mbavu mbili zinabaki. Haya niliyasema hapa mwaka juzi, na picha niliwaonyesha, siyarudii.

Leo nataka kuuliza jambo jingine. Mwaka juzi mliondoka na vikasha vya uzi wa meno, flosi kama wengine mnavyouita. Wakati wa chai nimewauliza wanne wenu. Watatu hawajui kilipo. Wa nne anajua: mwanawe kakichukua, kafungia tiara. Nawashukuru kwa kusema kweli. Na lawama siwapi ninyi, nawapa watu wa kazi yangu. Mgonjwa anakuja, tunamtoa ugaga, tunamwambia "tumia uzi kila siku", tunaita anayefuata. Tumempa amri, hatukumwonyesha pa kuiweka katika siku yake. Miaka nenda rudi tunafanya hivyo, halafu kwenye vikao tunasema watu ni wagumu kuelewa. Hilo linaniudhi sana.

Nitawasimulia habari za fundi cherehani mmoja. Walionisikia kwingine wanivumilie, maana mfano unaoushinda huu sijaupata.

Ni mama wa makamo. Meno yake ya mbele yana kijipengo kwenye ncha, alama ya fundi aliyekata uzi kwa meno miaka mingi. Alikuja fizi zimevimba, kila akipiga mswaki anatema damu, na bintiye alikuwa amepata ujasiri wa kumwambia kwamba mdomo unanuka. Nikamsafisha, nikamwonyesha uzi. Akacheka. "Daktari, mimi nashinda na nyuzi kutwa, nawe unanipa uzi?" Akauliza kwa nini asitumie wa kwenye cherehani.

Swali lake lina asili. Uzi wa meno ulianzia kwenye uzi wa hariri. Levi Spear Parmly, daktari wa meno wa New Orleans, Marekani, aliandika mwaka 1819 akiwashauri watu wapitishe kati ya meno uzi wa hariri uliotiwa nta. Nailoni ilikuja baadaye sana, miaka ya 1940. Lakini uzi wa kushonea wa siku hizi ni mwembamba na mkavu, unaukata ufizi. Nikamwambia auache kwenye cherehani.

Kipimo cha uzi alinifundisha yeye. Mimi nilikuwa nikiwaambia wagonjwa "sentimita 45", wananitazama tu. Yeye aliunyoosha uzi kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, akasema: "Kumbe dhiraa moja." Tangu siku hiyo nasema dhiraa, na watu wanaelewa. Kikasha cha mita 50 kinatoa dhiraa zaidi ya 100, na dhiraa moja ni ya siku moja. Anayesema uzi ni ghali agawe bei kwa siku hizo, halafu tuzungumze.

Siku ya tatu akarudi, amekasirika. "Uzi wako umenichana." Walimu wangu, hapa ndipo ninapowapoteza watu. Hawaachi uzi kwa uvivu. Wanaacha kwa woga. Wanaona damu, wanadhani wameumia, na akili ya kawaida inasema acha kinachokuumiza. Lakini ufizi wenye afya hautoki damu kwa kuguswa na uzi uliopitishwa taratibu. Unaotoka damu ulikuwa umeshavimba kabla uzi haujafika. Mwaka 1965, kule Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote 12 fizi zilikuwa zimevimba. Wakarudi kusafisha, na katika muda wa kama wiki moja fizi zikapona. Wiki moja! Uvimbe huo wa mwanzo unarudi nyuma, mradi usafi usikatike.

Nikamuuliza yule mama: kidonda cha mguuni ukikiosha kikatoa damu kidogo, unaacha kukiosha? Akasema hapana. Basi. Jipe wiki mbili. Damu ikipungua siku baada ya siku, uko njiani. Isipopungua, au ikiwa nyingi, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, njoo tukuangalie.

Akaendelea wiki tatu. Ukaja msimu wa Idi: kanzu, madera, sare za ndugu. Analala saa nane za usiku, uzi haukumbuki. Siku nne zikapita, akajiona ameshavunja, akaacha. Alipokuja tena nilimjibu vibaya. Nilimwambia aweke nia. Mpaka leo najuta neno hilo. Mtu anayekesha ili kanzu za watu zitoke kabla ya Idi, nia anaikosea wapi? Alichokosa ni kigingi cha kuifunga.

Mara ya tatu nikaacha kuhubiri, nikauliza. Usiku unapiga mswaki? Kila siku, hata nikirudi safarini. Mswaki unakaa wapi? Kwenye kikombe dirishani. Na uzi? Kwenye droo ya kabati, pamoja na dawa. Nikamwambia auhamishe uzi uingie kikombe kimoja na mswaki, ili asiweze kuchukua huu bila kuugusa ule. Na kila akimaliza mswaki apitishe uzi kwenye jino moja. Moja tu. Akanuna, akidhani namdharau. Sikuwa namdharau. Hilo la jino moja linafundishwa na mtafiti wa mazoea wa Chuo Kikuu cha Stanford, nami nimeliona likifanya kazi kwa mikono ya watu ninaowajua. Usiku wa usingizi mzito, meno yote ni mzigo, jino moja halimshindi mtu. Na uzi ukishakuwa vidoleni, la pili liko hapo hapo. Zipo siku aliishia jino moja akaenda kulala, na siku hizo tulizihesabu kuwa ni siku kamili.

Hapo daima anainuka mtu msomi. "Daktari, mbona tumesoma kwamba uzi unatangulia, mswaki unafuata?" Ni kweli, utafiti wa Iran wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kutanguliza uzi kunaondoa utando zaidi. Lakini kuna wa Uingereza, wa mwaka 2013, wa watu 50: baada ya miezi minane, walioagizwa kutumia uzi baada ya mswaki walikuwa na mazoea yenye nguvu kuliko walioagizwa kuutanguliza. Kumaliza mswaki ni kengele, na kengele inaita uzi. Kwa hiyo anayeanza namwambia mswaki kwanza. Akishazoea ageuze akitaka. Uzi ulio drooni hausafishi kwa mpangilio wowote.

Na hizi siku 21 mnazoambiwa kwenye semina za mafanikio, naomba mziache. Watafiti wa London, mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 wakijenga zoea jipya. Wastani ulikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu zilitofautiana kutoka 18 hadi 254. Wakaona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Laiti ningemwambia hilo yule mama kabla ya Idi! Alidhani zoea ni saumu, ukikosea umefungua. Zoea ni njia ya shambani, inachongwa na miguu, na siku moja ya kutopita haioteshi majani.

Nisisahau kufundisha mkono wenyewe. Zungusha ncha kwenye vidole vya kati, ubaki urefu wa vidole viwili hivi. Ingiza kwa kuutikisa taratibu, usiusukume ukadondoka kwa kishindo kwenye ufizi. Kisha ukumbatishe kwenye jino kama herufi C, shuka kidogo chini ya ukingo wa ufizi, panda na kushuka. Halafu ukumbatishe jirani yake. Watu wengi wanaingiza na kutoa tu, ubavu haujaguswa.

Dada aliyeinua mkono, nakuona, na swali lako nalijua: uzi utaleta mwanya? Mwanya wa mbele mtu anazaliwa nao, na sifa zake mnazijua. Uzi hautengenezi mwanya. Uvimbe ukipungua, utaona nafasi iliyokuwa imefichwa na nyama iliyovimba. Nafasi ya kuogopa ni ile ya jino linalohama kwa sababu mfupa wake umeliwa.

Mwalimu wa sayansi ataniambia kwamba mwaka 2016 Wamarekani walitangaza uzi hauna ushahidi. Kilichosemwa ni kwamba tafiti ni dhaifu, na ni kweli nyingi zilikuwa fupi. Mwaka 2019 mapitio ya Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona kwamba uzi, au vibrashi vya katikati ya meno, pamoja na mswaki, huenda vikapunguza uvimbe wa fizi kuliko mswaki peke yake. Uhakika wao ni mdogo, wamesema wenyewe. Mimi naongeza nilichokiona kitini miaka yote hii. Mwenye nafasi pana kati ya meno achukue vibrashi, vinamfaa zaidi.

Mwezi wa Ramadhani fanyeni baada ya daku, pamoja na mswaki, kengele ile ile.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumza juu ya watoto na juu ya kisukari, kwa sababu fizi mbovu na sukari vinachocheana, kila kimoja kinakipandisha kingine. Wenye kisukari naomba mnifuate nje, msiondoke bila kuniona.

Yule mama? Alikuja baada ya miezi sita. Nikapitisha kipimo kwenye fizi zake, damu ikatoka sehemu mbili tu, kwenye magego ya nyuma kabisa. Uzi bado anaukata kwa meno. Hilo sijamshinda.

Vikasha vipo kwenye boksi pale mlangoni, vinatosha kila mtu. Kabla hujachukua chako, simama uniambie mswaki wako unakaa wapi.