Elfu Mbili za Mzee, na Nani Amlipe Mlezi?

ZAINABU: Asalaam aleikum, karibuni tena kutoka Amu, yaani Lamu, Kenya. Mwalimu Omari, Shirika la Afya Duniani linasema ifikapo 2030 mtu mmoja kati ya kila sita atakuwa na miaka 60 au zaidi. Nchi zajipangaje?

OMARI: Waaleikum salaam, Bi Zainabu. Wengi hukimbilia umri wa kustaafu. Denmark imepitisha sheria ya kuufikisha miaka 70 ifikapo 2040. Lakini hayo ni ya wenye mishahara. Mvuvi wa Faza au fundi wa majahazi wa Matondoni hastaafishwi na mtu. Huacha kazi mwili ukikataa. Tumzungumzie huyo.

ZAINABU: Na yeye ana Inua Jamii, pesa za serikali za kila mwezi.

OMARI: Naam. Tangu 2018 Mkenya aliyefika miaka 70 na asiyepokea pensheni ya serikali anastahiki shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni hatua kubwa, ingawa kiwango hakijapanda tangu wakati huo. Ila kustahiki ni mbali na kuzishika mkononi.

ZAINABU: Hukwama wapi?

OMARI: Kwanza kitambulisho. Wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kukisia. Mama ana miaka 74, kadi yasema 66, basi anakataliwa. Usingoje siku ya uandikishaji. Nenda mapema afisi ya usajili wa watu na hati yoyote ya zamani yenye tarehe. Pili, laini ya simu. Ikiwa kwa jina la mjukuu, majina hayaoani na malipo yanakwama. Isajiliwe kwa kitambulisho cha mzee mwenyewe. Tatu, vidole: aliyevuta kamba na nyavu umri wake wote, alama zimelika, mashine haimsomi.

ZAINABU: Na asiyeinuka kitandani? Kumtoa Kizingitini kwa boti, tena kwa kungoja maji yajae, ni kumtesa.

OMARI: Ndiyo sababu ya kuandikisha mlezi wa kumpokelea, tangu siku ya kwanza. Familia huliacha mpaka mzee apatwe na kiharusi, ndipo mbio za kwa chifu zianze.

ZAINABU: Mimi roho yangu iko kwa huyo mlezi. Aghalabu ni binti au mkaza mwana. Ameacha biashara yake ya mahamri, anamgeuza mzee kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, na hana senti inayoingia. Akija kuzeeka yeye, hana akiba. Ujerumani waliliona hilo. Bima yao ya utunzaji ilianza 1995, na familia huchagua: ipewe pesa, au mhudumu aje nyumbani. Jamaa anayemtunza mgonjwa angalau saa 10 kwa wiki, katika siku mbili au zaidi, bima humlipia michango ya pensheni, mradi ajira yake nyingine haipiti saa 30.

OMARI: Bima kama hiyo ya Japani, tangu 2000, hutoa huduma badala ya pesa. Watu huanza kuchangia wakiwa na miaka 40. Mzee hukaguliwa kwa orodha ya mambo 74, akapangwa katika daraja mojawapo kati ya saba. Yeye hulipa asilimia 10 ya gharama. Mwenye kipato kikubwa, 20 au 30. Kwa Lamu nashika njia ya Ujerumani. Wahudumu wa kukodi visiwani hatuna. Mikono iliyopo ni ya jamaa.

ZAINABU: Na kifungu cha 57 cha Katiba chataja familia na serikali pamoja. Serikali isijitoe.

OMARI: NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, ina Haba Haba, akiba ya shilingi 25 kwa siku kwa wasioajiriwa. Mlezi hizo hana. Serikali imchangie: ni 750 kwa mwezi.

ZAINABU: Nani atathibitisha kuwa kweli analea?

OMARI: Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari huzunguka nyumba kwa nyumba. Waongezewe ukurasa mmoja: nani anamlea mzee, saa ngapi kwa wiki, na mgongo una vidonda au la.

ZAINABU: Walipwe kwa ukurasa huo, Mwalimu. Bila malipo utajazwa barazani, mgongo wa mzee haujatazamwa.